Kitu cha Mkono wa Mtoto

Mara ya kwanza Phares Owino alipofika kibandani kwangu Mbotela, Nairobi, sikio lake la kushoto lilikuwa likichuruzika damu hadi kwenye kola, na mkononi alishika soksi ya sufu iliyojaa kitu kizito. Aliitua juu ya meza yangu ya sufuria kwa kishindo. Nilijua ni chuma kabla sijaona.

"Baba Waithera ndiye wewe?"

"Nani anauliza?"

"Mtu wa meli. Nimeambiwa unanunua chochote."

"Nanunua chochote kisicho na kesi. Hiyo damu ni ya nani?"

Akagusa sikio kama mtu aliyekumbushwa jambo. "Hii ni yangu, kidogo tu. Ile nyingi imebaki stendi ya basi. Mkora mmoja alidhani soksi ni yake."

"Yuko hai?"

"Yuko chini anatafuta meno."

Akafungua soksi, zikamwagika sarafu za nchi ambazo sikuzijua: zenye malkia, zenye tai, zenye mwanamke anayepanda mbegu. Nyingine bado zilinata sukari. Benki, alisema, walipokea noti zake kwa tabasamu, lakini hizi wakazisukuma kwa ncha ya kalamu kama mavi ya mbuzi. Sarafu za kigeni hawachukui.

Nikazipima kwa kiganja. "Chuma chakavu nanunua kwa kilo."

"Kilo? Omera, ndugu yangu, hii ni pesa!"

"Pesa ni ile ambayo mtu wa pili anaikubali. Nenda nazo kwa duka la Mhindi ununue unga, tuone."

Akapiga meza kwa ngumi. Sufuria moja ikabonyea. Sikupandisha sauti, nilichukua ile sufuria nikaitenga kando yake, nikamwambia hiyo sasa ni yake na bei yake itatoka kwenye hesabu. Mishipa ya shingo ilimtuna, kisha akacheka hadi sikio likaanza kutoa damu upya. Tukapatana kabla ya saa ya chakula. Aliondoka na shilingi, na sufuria yenye kibonye.

Hasara haikuwepo. Nilikuwa na shemeji, Lydiah, aliyeuza vinyago nje ya hoteli moja ya pwani kule Mombasa. Mgeni anayerudi kwao kesho hufurahi kukutana na sarafu ya kwao; Lydiah alimpa kwa bei ya chini kidogo, naye mgeni akamaliza shilingi ambazo hakutakiwa kutoka nazo nchini. Ilikuwa biashara ya kunong'onezana, kwa sababu sheria ya pesa za kigeni siku zile haikuwa na mchezo, lakini ilikuwa biashara.

Huo ulikuwa mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na reli ikagawanywa. Phares alikuwa weita wa behewa la chakula, na kabla ya hapo bondia wa timu ya reli, uzito wa kati. Watu wa Mbotela waliokuwa wakienda kutazama ngumi kwenye ukumbi wa estate walisema mkono wake wa kulia ulikuwa kama mlango unaofungwa na upepo. Reli ilipoyumba, yeye na wenzake kadhaa wakaandikwa kwenye meli ya starehe iliyokuwa ikifika Mombasa wakati wa baridi ya Ulaya, inazungusha wageni Ushelisheli, Bukini na Unguja, kisha inawarudisha. Msimu ukiisha, alirudi Nairobi kwa mkewe Perez, Mama Adhiambo, aliyekaanga samaki ng'ambo ya kijia kutoka kibanda changu, na watoto wao watatu. Chumba walichokaa kilikuwa cha binamu yake, na binamu alikuwa ameshasema anakitaka.

Lakini walikuwa na kiwanja Dandora. Jina lao lilikuwa limetoka kwenye bahati nasibu ya viwanja, na kiwanja kilikuja na choo, bomba la maji na sharti: usimamishe vyumba viwili vya mawe kwa muda uliowekwa, la sivyo kinapewa mwingine. Muda wao ulikuwa unakwisha Juni ya mwaka wa sabini na tisa. Kila kitu alichofanya Phares baada ya siku ile ya soksi kilikuwa kwa ajili ya mawe hayo.

Nilimheshimu kwa jambo moja. Alielewa soko.

"Baba Waithera," aliniambia siku moja akiwa ameketi juu ya debe langu la mafuta ya taa, "unajua meza gani maweita wote wanaikimbia?"

"Ya mlevi."

"Mlevi ni malaika. Wanaikimbia meza yenye watoto wadogo. Mtoto anamwaga maziwa, anarusha njegere, bahari ikichafuka anakutapikia viatu. Na baba yake akimaliza safari anakupa asante ya pesa sawa na ya bwana na bibi wasio na mtoto, wakati wewe umefagia chini ya meza yake mara tatu kwa siku. Sasa mimi nikaenda kwa mkubwa wa chakula nikamwambia, meza zote za watoto nipe mimi."

"Ukarogwa?"

"Sikiliza. Weita mwingine akiangalia ile meza anaona uchafu. Mimi naona mama ambaye hajala chakula cha moto tangu azae. Naleta chakula cha watoto kwanza, kabla ya supu ya mtu yeyote. Nakata nyama mimi. Mtoto akilia namshika, namzungusha mpaka dirishani aone samaki wanaoruka. Mama anakula chakula kikiwa moto. Unajua mama huyo atanipa nini?"

Alinieleza pia kwamba wazazi wajinga hungoja siku ya mwisho, wakiwa wamechoka na pochi imekauka. Wenye akili walimpa kidogo jioni ya kwanza, ili meza iwe karibu na mlango na maziwa yaje yamepashwa, kisha nyingine wakishuka. Yeye aliwafundisha wote kuwa wenye akili. Mkono huo uliovunja meno ya watu stendi ulishika kijiko cha uji wa mtoto wa Kidachi bila kumwaga tone.

Tatizo lilikuwa debe.

Maweita waliotoka reli walikuwa wamehama na desturi yao. Kwenye behewa la chakula, bakshishi yote iliingia kwenye debe tupu la majani ya chai, na mwisho wa safari ikagawanywa, kwa sababu mpishi na muosha vyombo hawaonani na mgeni. Anayeficha hupigwa, hiyo haikuandikwa popote na haikusahauliwa na mtu. Mshika debe alikuwa Zedekiah, Mmaragoli mrefu mwenye sauti ya besi, mzee wa kanisa, naye pia mkazi wa Mbotela. Desturi ilikuwa na tundu moja tu: kitu cha mkono wa mtoto hakiingii kwenye debe. Mtoto akikupa peremende au senti yake, ni yako. Nani angegombania peremende?

Phares akapitisha ng'ombe mzima kwenye tundu hilo. Mama akifungua mkoba, yeye alirudi nyuma hatua moja, mikono mgongoni. "La, mama. Mwache mtoto anipe mwenyewe, ajifunze kushukuru." Wazazi waliyeyuka kwa furaha. Mtoto wa miaka mitatu alishuka kitini na bahasha, akaja akiyumba na meli, watu meza za jirani wakapiga makofi. Sarafu, na noti, na bahasha nzima ya safari. Zote za mkono wa mtoto. Debe la Zedekiah halikuona kitu.

"Hiyo ni wizi?" aliniuliza.

"Ni bei nzuri," nilimjibu. "Lakini bei nzuri hufichwa."

Aliificha kwa misimu miwili. Noti hakuzipeleka tena benki, asije akaulizwa alikozitoa; alizikunja kati ya sarafu ndani ya soksi, akisubiri apate za kutosha mawe, saruji na mabati kwa pamoja. Kilichomponza ni heshima ya mgeni. Mwisho wa msimu wa pili, meli imefunga gati Mombasa, mama mmoja mwenye mapacha alimsimamisha Zedekiah kwenye ngazi ya kushukia akamuuliza kwa wema kabisa: je, wanangu walimpa Phares bahasha sawasawa? Alisema kwenu lazima mtoto atoe kwa mkono wake.

Zedekiah alimshukuru mama yule. Akambebea na mkoba. Kisha akashuka chini jikoni.

Walimkamata wanne. Phares aliwaangusha wawili kabla hawajamfikisha chumba cha barafu, mmoja alivunjika pua, mwingine alichaniwa paji la uso kwa ukingo wa sinia. Lakini walimfikisha. Mlango wa chumba kile ulikuwa wa chuma, mnene kama Biblia tatu. Waliweka mkono wake wa kushoto pale bawaba zinapokutana, na Zedekiah akaufunga mwenyewe, akiita kwa sauti yake ya kanisani jina la kila muosha vyombo, na kwa kila jina akaufungua na kuufunga tena. Wanne. Soksi hawakuiona. Alikuwa ameifunga kiunoni chini ya shati.

Hayo alinieleza mwenyewe siku mbili baadaye, akiwa amesimama mbele ya meza yangu Mbotela na mkono wa kushoto umefungwa kwenye mbao za sanduku la machungwa. Vidole vilikuwa vimevimba na kuwa vyeusi kama ndizi zilizosahauliwa juani. Uso wake ulikuwa wa majivu. Soksi ilikuwa mkono wa kulia, imetuna, kisigino kimeanza kuchoka.

"Zote leo," alisema. "Noti na sarafu. Fundi ananingoja Dandora na lori la mawe liko tayari. Nipe bei ya benki."

"Benki iko mjini."

"Baba Waithera, nimechoka. Usianze."

Nikaanza. Mtu huyu hangeweza kwenda benki na mkono ule na maswali yale, na mimi nilijua, na yeye alijua kwamba najua. Nikataja bei. Akanitukana mama. Nikapandisha kidogo. Ng'ambo ya kijia Perez alikuwa anageuza samaki kwenye karai, shingo imetugeukia, anasikiliza kila neno.

"Ongeza!" alinipazia sauti. "Ongeza, Ngigi, hiyo si pesa, hiyo ni damu ya mtu!"

"Damu haina bei sokoni, Mama Adhiambo."

"Ngoja uone yako kama itakosa!"

Watu wakacheka. Bado tulikuwa tunavutana pale Zedekiah alipotokea kwenye kona ya nyumba za block ya pili, mchana mweupe, na waosha vyombo wawili nyuma yake. Mmoja alikuwa na rungu. Mwingine ndiye yule wa pua, plasta imemfunika uso nusu.

"Phares," alisema Zedekiah. "Tumekuja kwa amani. Lete chetu."

"Amani gani imebeba rungu?"

"Rungu ni la mbwa. Mbwa wa hapa ni wengi."

"Mmenivunja mkono. Si mmejilipa?"

"Mkono wako hauliwi." Akanyoosha kidole kwenye soksi. "Hawa wanaosha masahani hadi kucha zinang'oka, wanakula mabaki, wanalala karibu na injini. Wewe unawatuma watoto wa watu wakuletee noti?"

"Sheria ni yenu. Kitu cha mkono wa mtoto hakiingii kwenye debe. Niliitunga mimi?"

"Ilikuwa sheria ya peremende!"

"Basi mngesema peremende."

Nilitaka kucheka, kwa maana jibu lilikuwa zuri. Sikupata nafasi. Mwenye rungu alipiga kwanza, akimlenga Phares kichwa, na Phares akainama kama siku za ukumbini. Rungu likashukia sufuria zangu, zikaporomoka zote kwa kelele za gari moshi. Nilimwona Perez akivuka kijia na upawa mrefu umejaa mafuta ya samaki. Alimwagia mwenye rungu kwenye mguu, kuanzia goti kushuka chini, na ngozi ikalia kama mboga inapoangukia karai. Mtu yule alitupa rungu, akakimbia kwa mguu mmoja huku akimwita Yesu kwa Kiluhya.

Yule wa pua alimrukia Phares mgongoni, akaushika mkono mbovu, akauvuta. Sijawahi kusikia mtu mzima akitoa sauti ile. Phares alimrudisha nyuma hadi kwenye nguzo ya kibanda changu, akamgonga kwayo mara mbili, tatu, paa likayumba, hadi mtu akateleza chini na kukaa kama mlevi. Zedekiah akaja mbele. Alikuwa mtu mzima, hakuwa bondia, lakini alikuwa na hasira ya haki, na hasira hiyo haiogopi. Alimpiga Phares ngumi ya mdomo, akampiga teke kwenye zile mbao za mkono.

Hapo ndipo Phares alipofanya kosa. Angeiweka soksi mezani. Ngumi yake tupu ya kulia ingetosha. Nusu ya Mbotela ilijua ingetosha. Lakini mkono uliokuwa na soksi ndio mkono pekee uliobaki. Aliizungusha mara moja juu ya kichwa, na misimu miwili yote, na vyumba viwili vya Dandora, vikatua kwenye taya la Zedekiah.

Taya likavunjika kwa mlio wa kuni kavu. Soksi ikapasuka kisigino.

Zedekiah alianguka kifudifudi, damu na meno vikatoka pamoja. Juu yake zikanyesha sarafu, na noti zikafunguka, upepo wa Jogoo Road ukazichukua juu ya mabati. Kisha watoto wakaja. Walitoka kila mlango, wa kila umri, wakapita kati ya miguu ya Phares, wakazoa chini ya Zedekiah, wakapanda paa langu. Wanawake walifuata noti. Phares alipiga mayowe, akampiga mtu mmoja ambaye hakuhusika, akajaribu kupiga magoti na kuzoa kwa mkono mmoja wa damu. Polisi walipofika alikuwa bado amepiga magoti, na kiganjani alikuwa na sarafu chache na meno mawili ya Zedekiah.

Alifungwa kwa kumjeruhi mtu vibaya. Alisimama mahakamani na mkono ambao haufungi wala kufunguka, na hakimu akautazama, lakini hakimu alilitazama pia taya.

Watoto wa Mbotela hawakuwa na shida kujua wapi pa kupeleka sarafu zile. Asubuhi iliyofuata walipanga foleni kibandani kwangu. Nilizinunua kwa bei ya chuma. Hakuna aliyepiga meza.

Perez alikuja foleni ilipokwisha. Alivuta lile debe la mafuta ya taa akakaa, mikono ikinuka samaki.

"Ngigi, hizo sarafu ni zangu."

"Nimezinunua, Mama Adhiambo. Kila mtu ameona."

"Haya. Sarafu tuache. Tuongee mawe."

"Mawe gani?"

"Ya Dandora. Juni haijafika. Wewe unaleta mawe, saruji, mabati, na kumlipa fundi. Chumba kimoja naingia na watoto, kingine unapangisha wewe, unakula kodi yake."

"Miaka kumi."

Akacheka kama mtu aliyetapeliwa. "Miwili."

"Mama, mimi si kanisa. Miaka minane."

"Sikiliza, Baba Waithera," alisema, na akashusha sauti, kwa upole ambao haukunipendeza. "Askari waliniuliza mume wangu alimpiga mtu na nini. Nikasema soksi. Hawajaniuliza soksi ilikuwa inatafuta nini kwako. Wakiniuliza, mimi ni Mkristo, siwezi kudanganya."

Nilimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu wa biashara. Phares alikuwa na mkono wa kulia. Huyu alikuwa na kichwa.

"Mitano," nikasema.

"Mitatu. Na nawapikia mafundi wako, hulipi chakula."

"Samaki kila siku?"

"Vichwa."

Tukashikana mikono. Mawe yalifika, vyumba vikasimama, kiwanja hakikupewa mwingine.

Zedekiah alikula uji kwa mrija hadi mwisho wa mwaka, na ile sauti ya besi haikurudi. Kanisani walimweka kukusanya sadaka badala ya kuimba. Waosha vyombo hawakupata hata senti kutoka kwenye soksi, isipokuwa huyo mwenye mguu, aliyepata kovu. Msimu uliofuata, niliambiwa, kwenye meli ile hata peremende ya mtoto iliingia kwenye debe.

Phares alitoka jela akiwa mwembamba. Meli haikumtaka na reli haikumkumbuka. Alilinda lango la kiwanda kimoja kwa miaka mingi, na vidole vya kushoto vimekunjana kama kucha za kuku, lakini alilala chini ya mabati yake mwenyewe. Mimi nilikula kodi ya chumba kile miaka mitatu. Ukitoa mawe na fundi, ilibaki faida, ingawa si ile niliyoizoea.

Siku ya mwisho ya mwaka wa tatu nilikwenda Dandora mapema, nikitaka kuchukua kodi ya mwezi mmoja zaidi kabla hawajakumbuka. Nilikuta mlango wa kile chumba una kufuli mpya. Phares alikuwa ameketi kizingitini, mtoto mdogo wa mpangaji mapajani, anamlisha uji kwa mkono wa kulia. Hakumwaga.

"Perez yuko sokoni," alisema bila kuinua macho. "Amesema ukija nikuambie asante."

"Asante tu?"

Alimpa mtoto kijiko kitupu. Mtoto akanyoosha mkono, akanipa mimi.